Mdudu usiyemjua bustanini: mwangalie kwanza, dawa baadaye

Chukua majani mawili ya nyanya yenye alama nyeupe. La kwanza lina mstari mwembamba uliojipindapinda, unaonenepa kidogo kidogo kadiri unavyosonga mbele. La pili lina baka pana lisilo na umbo maalumu: nyama ya jani imeliwa, zimebaki ngozi mbili zinazopitisha mwanga, na kati yake kinyesi cheusi kimerundikana upande mmoja. La kwanza ni kazi ya vidomozi, funza wa inzi wadogo, na mche wenye afya huwavumilia. La pili ni kantangaze, yaani Tuta absoluta, ambaye katika joto la nyuzi 27 humaliza kizazi kizima kwa siku 24 hivi. Akiachwa bila kudhibitiwa anaweza kumaliza nyanya zote.

Mkulima anayepulizia majani yote mawili dawa ileile anapata hasara mara mbili. Kwenye jani la kwanza anaua nyigu wadogo waliokuwa wakiwala vidomozi bure. Kwenye la pili dawa inabaki juu ya ngozi ya jani wakati kiwavi yuko ndani. Ndiyo maana utambuzi unatangulia. Dawa gani, mtego gani, kung'oa au kuacha, kumwita afisa ugani au kunyamaza: yote hayo yanategemea kama umemjua mdudu uliyenaye.

Mgeni, mvamizi, na mwenyeji ambaye hukuwahi kumtazama

Mdudu ambaye hujawahi kumwona si lazima awe mgeni nchini. Bustani ndogo ya nyumbani ina mamia ya aina za wadudu, na sehemu kubwa yao hawana habari na mboga zako. Wengine ni wenyeji wanaojitokeza msimu mmoja tu. Wengine ni watoto wa wadudu unaowajua, ila mtoto na mzazi hawafanani hata kidogo. Mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi anapendwa na watu wengi. Mtoto wake ni mdudu mrefu, mweusi au wa kijivu, mwenye miiba mgongoni, na huyo husagwa kwa kiatu kila siku ilhali anakula vidukari wengi sana kwenye sukuma wiki zako. Mtoto wa inzi wa maua, yule mwenye mistari ya njano anayeelea hewani bila kusogea, ni funza wa kijani asiye na miguu, na chakula chake ni vidukari pia. Ukikuta kiwavi aliyebeba vifuko vyeupe mgongoni, mwache alipo. Ameshaliwa ndani na watoto wa nyigu, na kila kifuko kitatoa nyigu mwingine wa kulinda shamba.

Mgeni kamili ni yule aliyevuka bahari au mpaka, mara nyingi kwa msaada wa binadamu: ndani ya miche, vipandikizi, matunda, matenga au udongo. Wengi wa hao hufa au huishi kimya. Wachache wanageuka wavamizi, na sababu kuu inajulikana: kule walikotoka waliacha adui zao.

Kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo aliyefunikwa na nta nyeupe, anaonyesha jambo hili vizuri. Aliingia Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 akitokea Amerika Kusini, na ndani ya miaka kama kumi akawa amevuruga mihogo katika eneo kubwa la Afrika. Kwao hakuwa tatizo, kwa sababu kuna nyigu mdogo anayetaga ndani ya mwili wake. Nyigu huyo, Anagyrus lopezi, alipatikana Paraguay mwaka 1981, akaanza kuachiwa Nigeria mwaka huohuo, kisha akasambazwa katika nchi nyingi za bara hili. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo katika IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Muhogo uliokolewa na mdudu mwingine, na huyo asingetafutwa Paraguay kama watu wasingejua kidung'ata ni yupi hasa na ametoka wapi.

Wala kumzoea mdudu hakumfanyi kuwa mwenyeji. Mmoja wa vidomozi tunaowaona leo kwenye maharage na nyanya aliingia Kenya mwaka 1976 kwenye vipandikizi vya maua kutoka Florida.

Nyanya: lichane jani

Kantangaze ndiye mvamizi ambaye mwenye bustani ndogo atakutana naye mapema zaidi, kwa hiyo tumkague kwa undani. Asili yake ni Amerika Kusini. Alielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1917 kutokana na nondo waliokusanywa Peru. Mwishoni mwa 2006 alionekana Hispania, akashuka Afrika Kaskazini, mwaka 2010 akawa Sudan, 2012 Ethiopia, na kufikia 2014 alikuwa amethibitishwa Kenya na Tanzania.

Liinue jani lenye baka ulielekeze kwenye jua. Mdudu akiwa bado ndani utamwona kama kivuli kinachosogea. Chana ngozi ya juu taratibu kwa ukucha au ncha ya sindano, kisha mtoe juu ya karatasi nyeupe. Sasa tazama kichwa. Kantangaze ni kiwavi, hivyo ana kichwa kinachoonekana waziwazi, cheusi au cha kahawia, na miguu mifupi. Nyuma ya kichwa kuna ukanda mweusi mwembamba unaovuka shingo, na hiyo ndiyo alama yake ya kutegemea. Akiwa mdogo mwili ni wa maziwa na urefu wake haufiki milimita 1. Akikua anakuwa wa kijani, mara nyingi mwenye wekundu mwepesi mgongoni, hadi milimita 8 hivi. Kidomozi ni funza wa inzi. Ni wa njano, ana milimita 2 hadi 3, na hana kichwa wala mguu. Ukishawatazama wote wawili mara moja kwa kioo cha kukuza mara 10, hutawachanganya tena.

Kwenye tunda, kantangaze huingilia karibu na kikonyo, chini ya vile vijani vinavyolishika, na kuacha tundu la ukubwa wa kichwa cha pini. Nyanya inaweza kuonekana nzima sokoni na kuoza ndani ya siku chache. Tundu kubwa la nusu sentimita au zaidi, na kiwavi mnene wa sentimita 3 hadi 4 aliyezamisha nusu ya mwili, ni la mdudu mwingine: kiwavi wa matunda aliyekuwapo siku zote. Usiwahesabu pamoja, maana yule mkubwa unaweza kumtoa kwa mkono na huyu huwezi.

Nondo mzazi ana milimita 5 hadi 7, wa kijivu mwenye madoa meusi, na vipapasio virefu vyenye pete za giza na mwanga. Mchana hujificha katikati ya majani. Tikisa mche alfajiri utamwona akiruka kwa kifupi na kutua tena.

Mtego wake ni rahisi. Chukua beseni, weka maji lita 5 na kijiko kimoja cha sabuni ya maji ili nondo azame badala ya kutembea juu ya maji. Ning'iniza kwa waya kile kidonge cha harufu ya jike kinachouzwa maduka ya pembejeo, sentimita 2 hadi 5 juu ya maji. Uweke mtego kabla ya kuhamishia miche bustanini, ongeza maji yanapopungua, na ubadilishe kidonge kila baada ya wiki 4 hadi 6. Kosa la kawaida ni kudhani mtego huu ni tiba. Unanasa madume peke yake, na majike yaliyokwisha kupandwa yanaendelea kutaga. Kazi yake ni kukuambia kwamba kantangaze amefika na kama anaongezeka, ili uanze kukagua kila mche mara mbili kwa wiki.

Ukiona mabaka, chuma majani hayo yote, yatie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge na uuache juani wiki mbili. Usiyatupe kwenye lundo la mboji, kwa kuwa viwavi watamalizia ukuaji humo. Kama utapulizia, pulizia jioni na ulenge upande wa chini wa majani. Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, gramu 50 kwa kila lita ya maji, zilizolowekwa usiku kucha na kuchujwa kwa kitambaa, zinasaidia dhidi ya viwavi wadogo. Dawa za bakteria aina ya Bt pia. Nyingi za viwandani zinashindwa kwa sababu mbili: hazimfikii aliye ndani ya jani, na mdudu huyu amekuwa sugu kwa makundi kadhaa, hasa yale ya pareto ya kiwandani. Jina la dukani likibadilika haimaanishi dawa imebadilika. Tafuta kwenye lebo namba ya kundi la dawa na uhakikishe kizazi kinachofuata kinapata namba tofauti.

Baada ya mavuno, ng'oa masalia yote na ukae angalau wiki 6 bila nyanya, bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo wala mnavu mahali hapo. Mnavu husahaulika kwa kuwa ni mboga inayojiotea, na ndiko anakojihifadhi.

Papai: pamba nyeupe si zote adui

Kidung'ata wa papai ametoka Meksiko na Amerika ya Kati. Alionekana Ghana mwaka 2009, na pwani ya Kenya amejulikana tangu 2016. Hushambulia pia muhogo, mstafeli, haibiskasi na mimea mingine mingi, hivyo mpapai ukiwa safi angalia na ua wa nyumba.

Dalili inayoonekana kwa mbali ni utando mweupe kama pamba chini ya majani, kufuata mishipa, na baadaye juu ya matunda yenyewe. Majani machanga yanajikunja. Chini yake kila kitu kinanata kwa sababu wadudu hawa wanatoa maji matamu, na juu ya utamu huo unaota ukungu mweusi. Sisimizi wanapanda na kushuka shinani kwa msururu. Wanafuata utamu na wanawafukuza wadudu wanaowala vidung'ata.

Kwa uhakika, fanya vipimo viwili. Mponde mmoja kwa ukucha: kidung'ata wa papai anatoa majimaji ya njano, wakati yule wa muhogo mwili wake ni wa waridi. Kisha weka wengine wachache kwenye spiriti. Wa papai wanageuka rangi ya buluu iliyokolea karibu na nyeusi, na hilo linawatofautisha na aina nyingi zinazofanana nao.

Hapa ndipo wema wanapouawa kwa wingi. Baadhi ya watoto wa mbawakawa wanaokula vidung'ata wamefunikwa na nta nyeupe ileile, na wanaishi katikati ya windo lao. Wagusie kijiti. Kidung'ata husogea kwa shida au hasogei kabisa. Mtoto wa mbawakawa anakimbia, ni mkubwa zaidi, na nyuzi zake za nta ni ndefu na zimetimka. Tafuta pia vidung'ata waliovimba, wagumu, wa rangi ya kahawia, wenye tundu la duara. Hao wameliwa na nyigu. Nyigu anayeitwa Acerophagus papayae ameachiwa pwani ya Kenya kwa kazi hiyohiyo, na mwenye bustani anayepulizia sumu kali kila wiki anamfukuzia mbali msaidizi ambaye asingeweza kumnunua.

Kwa mti mmoja au miwili nyumbani, anza na maji. Elekeza mpira wenye msukumo upande wa chini wa majani. Kisha nyunyiza sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chakula kwa lita, ukihakikisha inawalowanisha wadudu wenyewe. Nta yao hukataa maji matupu, na sabuni iliyokosa kumgusa mdudu haifanyi chochote. Jaribu kwanza kwenye majani matatu na usubiri siku mbili, kwa sababu majani ya mpapai huungua upesi, na usinyunyize jua likiwa kali. Rudia kila baada ya siku 7 mpaka usione wapya. Zungushia shina ukanda wa plastiki uliopakwa grisi ili sisimizi wasipande. Usiipake grisi kwenye gome moja kwa moja.

Mahindi na miembe

Kiwavijeshi vamizi anatambulika kwa alama mbili, na ni bora kuziona zote. Usoni ana mistari ya rangi hafifu inayochora Y iliyopinduliwa. Kwenye pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili, juu, kuna madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Ile Y pekee haitoshi, kwa kuwa viwavi wengine wa jamii yake huwa na kitu kinachokaribia kufanana nayo. Mraba ndio unaomaliza ubishi.

Tabia pia inasema. Kiwavijeshi wa Kiafrika, mwenyeji wetu, huja kwa makundi baada ya mvua, mweusi, akitembea mchana kutoka nyasi hadi nyasi. Yule vamizi, aliyeripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kufika Kenya na Tanzania mwaka 2017, hukaa ndani ya moyo wa mhindi, na mara nyingi utamkuta mkubwa mmoja tu kwa mche kwa sababu wanakulana. Fungua majani ya katikati: kinyesi kibichi cha chengachenga, matundu yaliyochanika, na vidirisha vyeupe kwenye majani yaliyoparuliwa na viwavi wadogo. Mayai hutagwa kwa mafungu ya 100 hadi 200, yamefunikwa na manyoya ya rangi ya kijivu. Fungu moja ulilolisaga kwa vidole limekuondolea kazi ya mwezi mzima. Kwa bustani yenye mistari michache, kukagua kila mche kabla ya saa 2 asubuhi na kutia mchanga au majivu kidogo ndani ya moyo wa mche ulioshambuliwa hufanya kazi nzuri. Kiwavi akizidi sentimita 2 dawa nyingi hazimtoshi tena.

Kwenye embe, inzi wa matunda wa kigeni ni mkubwa kidogo kuliko inzi wa nyumbani. Kifua ni cheusi chenye mistari miwili ya njano pembeni, mabawa ni angavu, na tumboni kuna alama nyeusi ya T. Inzi wenyeji wa embe huwa wa manjano, na mabawa yao yana mabaka. Huyu wa kigeni alinaswa pwani ya Kenya mwaka 2003, akapewa jina jipya la kisayansi mwaka 2005, na mwaka 2015 wataalamu wakakubaliana kwamba ni aina ileile ya Asia, Bactrocera dorsalis. Kinachomshinda nyumbani ni usafi: okota matunda yaliyoanguka kila siku, yafunge kwenye mfuko mweusi juani au uyazike kina cha nusu mita. Ukiyafukia juu juu, inzi wapya wanachomoka udongoni.

Ushahidi ambao mtaalamu anaweza kuutumia

Picha moja ya mdudu aliyepondwa haisaidii. Piga picha nne: mmea mzima, sehemu iliyoharibiwa, mdudu kutoka juu, na mdudu kutoka ubavuni, ukiweka sarafu karibu naye ionyeshe ukubwa. Kwa wadudu wadogo wasioonekana, shika karatasi nyeupe chini ya tawi na uligonge mara tatu, kisha piga picha ya walioanguka.

Kusanya wadudu watano au zaidi kama wapo, wakubwa kwa wadogo. Viwavi na funza watie kwanza kwenye maji yaliyochemka na kuepuliwa, kwa nusu dakika hivi, halafu uwahamishie kwenye spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa. Ukiruka maji ya moto watageuka weusi na alama zitapotea. Nondo usimtie kwenye spiriti, maana magamba ya mabawa yatatoka. Mweke kwenye friza usiku mmoja, kisha kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kopo gumu. Andika tarehe, kijiji au mtaa, jina la mmea na sehemu aliyokutwa, kwa penseli, na uitumbukize karatasi hiyo ndani ya chupa. Wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti. Kamwe usisafirishe mdudu akiwa hai, hata kwa nia njema. Unaweza kuwa wewe ndiye uliyemfikisha wilaya ya pili.

Anza na afisa ugani wa kata. Tanzania, mwenye dhamana ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao makuu Arusha. Kenya ni KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Ofisi hizi zinahitaji kusikia habari mapema, mdudu akiwa bado kwenye bustani mbili tatu. Akishatapakaa kata nzima, kumtokomeza huwa hakuwezekani tena, kunabaki kuishi naye.

Wakati unasubiri majibu, usigawe miche, vipandikizi wala mboji kutoka kitalu hicho. Palilia na umwagilie sehemu safi kwanza, iliyoshambuliwa mwisho, kisha uoshe jembe na viatu. Miche mipya ya kununua itenge siku 14 mbali na mimea mingine, ukikagua chini ya majani na kwenye vikonyo kila baada ya siku tatu. Na tenga linalorudi kutoka sokoni lisiingizwe bustanini kabla ya kusuguliwa kwa maji ya sabuni na kuanikwa juani likauke kabisa, hasa kwenye maungio ya fito, kwa sababu humo ndimo pupa wa kantangaze wanamojibana.